Zima Taa, Mwezi Unatosha

Jumatano, 4 Juni

Mwanangu Swichi,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, kwa hiyo nakujibu mapema tuokoe muda, maana huyu dereva wa boza la maji yuko nje anapiga honi kama bwana harusi. Nimemwambia maji hayaozi, angoje. Kwa kuwa kambini kwenu simu haishiki, Boza ndiye posta yangu, na posta yenyewe inaweka barua kwenye kasha moja na soksi zake. Ukiona karatasi inanuka, si mimi.

Huku ni salama. Ile mashine kubwa ya kunyooshea imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya wodi tatu tunayapiga pasi kwa mkono, mimi na Mkunjaji. Yeye anakunja, mimi nanyoosha, na umbea tunagawana nusu kwa nusu. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye chumba hiki cha kufulia chini ya hospitali na sijaunguza shuka hata moja. Siku nikifa uyaseme hayo kabla ya mengine yote.

Daktari wa sukari aliniambia nitembee. Natembea, usiniulize zaidi.

Sasa nina swali, na si langu. Kuna rafiki yangu hapa kazini, umri kama wangu, kichwa kigumu kama changu. Amesikia kwamba huko jangwani kwenu kuna mbio za usiku mwezi ujao, akashikilia kwamba lazima akimbie. Nimemwambia umri umekwenda, anajibu kwamba umri umekwenda na yeye anataka kuufuata. Hebu mweleze njia ikoje, kuna nini gizani, na mtu wa miaka hamsini na sita akijikokota atafika au ataaibisha ukoo.

Jana nilifungua sanduku la vifaa vya marehemu baba yako nikaikuta taa yake ya kichwani. Nimeitia betri mpya, ikawaka. Basi nikasimama barazani nikawasha mara tatu, kama alivyokuwa akifanya juu ya nguzo za umeme: msiwashe, kuna mtu huku juu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimjibu na tochi yako dirishani, mmweko mmoja mrefu, nimekuona? Nikajiona mjinga, maana wa kunijibu yuko jangwani.

Kula vizuri.

Mama yako


Alhamisi, 5 Juni

Shikamoo Mama,

Barua imefika na kweli inanuka. Boza amelala hapa, anarudi mjini alfajiri, kwa hiyo nakujibu usiku huu huu.

Kazi yangu inaendelea vizuri mno. Kama nilivyokwambia nilipoajiriwa, mimi ndiye Mkuu wa Usalama wa Njia. Nina ofisi yenye feni, redio ya mkononi na kiti cha kuzunguka. Nikikohoa, watu wanasimama. Baba angeniona leo asingenicheka kwa kuacha chuo.

Mwambie rafiki yako hivi. Ni kilomita arobaini na mbili, tunaanza saa moja jioni, tunafunga saa kumi na moja alfajiri. Ni usiku kwa sababu mchana wa kiangazi huku hauna utani, hata mjusi anakanyaga mguu mmoja mmoja. Hakuna barabara. Mwanzo ni mkondo wa mto uliokauka, halafu mawe, halafu mchanga. Kila hatua mia tunapigilia kijiti cha kimo cha goti chenye utepe unaong'aa ukimulikwa. Vijiti vipo mwanzo mpaka mwisho, hapotei mtu. Vituo vya maji ni vitatu.

Pabaya ni baada ya kituo cha tatu, kwenye mawe makubwa. Hapo ndipo betri za watu huisha, saa nane za usiku, kila mwaka. Mwezi utakuwa umejaa, kwa hiyo akikaa kupumzika azime taa, mwezi unatosha. Si unamkumbuka Baba: taa isiyomulika kazi na izimwe. Nyumba nzima mlinipa jina kwa kukimbilia swichi, na mpaka leo natembea huku gizani taa ikiwa mfukoni.

Na asishindane na vijana. Kawia ufike.

Wewe lakini, Mama, usipande ngazi ovyo. Tembea uwanjani polepole, ukichoka kaa. Nina mama mmoja tu.

Mimi nitakuwa mwisho wa njia, kwenye meza ya saa, juu ya kiti changu. Rafiki yako akifika nitampa maji kwa mkono wangu.

Wako,
Swichi


Jumatano, 18 Juni

Mwanangu,

Rafiki anashukuru sana. Barua yako ameisoma mpaka mikunjo imekatika. Anafanya mazoezi kwa kubeba mashuka mabichi kutoka chini mpaka ghorofa ya nne, kwenda na kurudi, na lifti ipo. Wauguzi wanadhani amerogwa. Amepungua hata sketi inamzunguka kiunoni kama pazia.

Magoti yananiuma lakini, yaani yake. Nimekaa naye sana mpaka nayasikia.

Nimewasimulia wote hapa kuhusu cheo chako. Nimebandika picha yako ukutani juu ya pasi, ile ya shati jeupe, na anayekuja kuchukua mashuka lazima nimwambie: huyo ndiye Mkuu wa Usalama wa Njia. Mganga mkuu siku hizi ananisalimia kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo nilikuwa Mama Pasi, leo ni mama wa mkuu. Usinicheke, mwanangu, nimefurahi kweli. Tangu baba yako aanguke sijawahi kuwa na jambo la kuringia.

Rafiki anauliza, una hakika utakuwepo pale mwisho kwenye kiti? Anataka uwe mtu wa kwanza kumwona.

Mama yako


Alhamisi, 26 Juni

Shikamoo Mama,

Usitangaze sana, tafadhali. Kazi ni kazi. Mganga mkuu ana shughuli zake, mwache apumzike.

Huyo rafiki yako namba yake ya kifuani ni ngapi? Nitajie, nimwangalizie. Na asijisumbue kunitafuta, usiku wa mbio huwa naitwa huku na huku, anaweza asinikute kwenye kiti. Salamu zake nitazipata hata bila kuonana.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu viganja vina malengelenge. Nilikuwa nawaonyesha vibarua namna ya kupigilia vijiti. Ni zaidi ya mia nne, na kibarua asipoonyeshwa anapigilia upande.

Mbio ni Jumamosi ya tarehe 5. Wewe siku hiyo lala mapema.

Swichi


Jumatano, 2 Julai

Mwanangu,

Rafiki hataki kutaja namba. Anasema utamjua ukimwona.

Jumamosi nitalala mapema kama ulivyoagiza, na simu nitaizima, kwa hiyo hata ukipanda kilima kutafuta mtandao usihangaike kunipigia. Mkunjaji naye amejiandikisha, kwa hiyo rafiki hatakuwa peke yake. Wamepewa kofia za hospitali, za bluu.

Nimecheka peke yangu leo mpaka pasi ikapoa. Utajua baadaye kwa nini.

Mama yako


Jumapili, 6 Julai, saa tatu asubuhi

Mama,

Sijui namwandikia nani. Anwani ya barua hii ni nyumbani, na wewe hauko nyumbani.

Gari la kwanza limetoka kukutafuta na mimi nimeachwa, msimamizi amesema nisubiri la pili linajazwa mafuta. Nimepiga ngumi ukuta wa jiko. Mpishi amenipa kalamu akasema andika, andika chochote, lakini sahani zangu niachie.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mwisho wa njia. Karani wa kituo cha tatu alikuwa ameshaletwa pale na amefunga orodha. Alisema waliofika wamefika, walioacha wanaletwa na gari, hesabu imetimia, tukalale. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nafungua viatu.

Halafu, saa mbili asubuhi, mama mmoja akashuka kwenye gari la majeruhi akichechemea, kifundo kimefungwa, kofia ya bluu. Akauliza mwenzangu amefika saa ngapi? Karani akamwambia mwenzako ameacha mbio pamoja nawe kituo cha tatu. Yule mama akasema hapana, nimeacha mimi, yeye alijaza chupa zake mbili akaondoka. Karani akafungua tena karatasi na kalamu ikamponyoka. Alisema mlikuja pamoja, mlikaa benchi moja, kofia moja, wewe uliposema umeacha nikawakata wote wawili.

Nikauliza, mwenzako ni nani?

Akasema, Mama Pasi. Mama Swichi. Halafu akanitazama usoni, Mama, akanitazama sana, akasema kumbe ni wewe, mtoto wa picha ya juu ya pasi.

Nilibishana naye. Nilimwambia mama yangu yuko nyumbani amelala, simu amezima. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Nilikuwa namkemea mtu mzima mwenye mguu uliovunjika kana kwamba akibadilisha maneno wewe utakuwa kitandani. Masikio yaliziba, nikawa naona midomo tu inacheza.

Rafiki. Umri kama wangu. Magoti yananiuma, yaani yake. Nimesoma barua zako zote tatu sasa hivi na kila mstari unanizaba kofi. Mtu gani hasomi barua ya mama yake?

Jua limetoka zamani. Chupa yangu ya maji iko moto mkononi na nimeishika kivulini.

Mama, kaa chini ya jiwe. Usitembee. Usifuate kitu chochote. Kaa. Gari limewaka, naenda.

Swichi


Jumanne, 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Boza anashuka mjini leo kwa ajili yako, si kwa ajili ya maji. Ameniahidi kwamba kama hawatamruhusu wodini atasema yeye ni mjomba.

Wamesema utapona. Wamesema figo zilishtuka lakini zinaamka, na ulimi umevimba, usilazimishwe kusema. Ningekuja, ila msimamizi amenizuia mpaka taarifa iandikwe, na taarifa inanihusu. Kwa hiyo naandika, kwa sababu usoni kwako nisingeweza.

Kwanza jinsi tulivyokupata, maana sijui unakumbuka nini. Jumapili yote tulizunguka. Upepo ulikuwa umefuta nyayo, tukaenda upande wa mchanga, kumbe wewe ulikwenda upande wa mawe. Saa kumi jioni watu waliacha kunitazama usoni na wakaanza kusema kwa sauti ndogo. Msimamizi aliuliza kama nina ndugu wa karibu. Jua lilipozama nilipanda juu ya tangi la Boza nikakaa pale nikiwa sina tena machozi, na huko kaskazini, mbali, nikaona mmweko. Wa pili. Wa tatu. Kukawa giza.

Mama, nywele zilinisimama mwili mzima. Msiwashe, kuna mtu huku juu. Nilidhani ni Baba. Nakuambia ukweli, kwa muda wa pumzi moja nilidhani ni Baba. Halafu nikajibu mmoja mrefu, nikapiga tangi kwa teke, na Boza akaliendesha lile dude kama pikipiki.

Ulikuwa chini ya mwamba, viatu umevivua umeviweka sambamba kama mlangoni kwetu. Ulifungua jicho moja ukaniuliza kama nimekula.

Sasa la pili. Sina ofisi. Sina feni, na kiti cha kuzunguka nimekiona kwa msimamizi tu. Mimi ni kibarua. Wiki mbili kabla ya mbio napigilia vijiti, na usiku wa mbio napita nyuma ya mkimbiaji wa mwisho na gunia mgongoni, navuta vijiti vyote, ili kesho jangwa libaki kama lilivyokuwa. Ndiyo kazi yangu, kupita wa mwisho. Nilikudanganya kwa sababu uliuza cherehani yako kunipeleka chuo.

Kituo cha tatu waliniambia kwa redio kwamba hakuna tena mtu nyuma. Nikaendelea kuvuta. Vijiti vyako, Mama, nilivivuta kwa mikono hii, kimoja kimoja, mpaka mwisho. Wewe ulikuwa bado huko nyuma na mimi nakung'olea njia. Taa yangu nilikuwa nimeizima, mwezi ulitosha. Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu.

Nisamehe kama inawezekana.

Swichi


Jumatano, 16 Julai

Mwanangu Swichi,

Marahaba. Ulimi umerudi mahali pake, na Mkunjaji anasema afadhali ungekawia kidogo. Yuko kitanda cha pili na plasta mguuni, tunalalia mashuka tuliyoyanyoosha wenyewe. Langu lina mkunjo pembeni. Nimemwambia huo mkunjo ni wake, amenuna.

Boza alijiita mjomba, halafu akalia mbele ya muuguzi kuliko wajomba wote. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kesho wananiruhusu kurudi nyumbani.

Nikukemee kwanza nimalize. Cherehani niliuza kwa hiari yangu na sijaidai kwa mtu. Na mimi sina uso wa kukulaumu kwa uongo, maana nimekuandikia barua tatu kuhusu mwanamke asiyekuwepo. Nilitaka nitokee pale mwisho, wewe uko kwenye kiti chako mbele ya wakubwa, uinuke, useme huyu ni mama yangu. Nilikuwa nimeshaufanyia mazoezi mpaka uso wa kufika nao. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa wawili juu yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia daktari wala karani aliyekuja hapa na karatasi zake kuomba radhi. Kaa chini usome.

Unasema hukuona mtu. Mimi nilikuona.

Baada ya kituo cha tatu kokoto iliingia kiatuni. Nikakaa nyuma ya jiwe, nikazima taa kama ulivyoagiza, nikavua kiatu. Mwezi ulikuwa mweupe hata nikaona uzi wa soksi. Kidogo nikasikia mbinja. Ule wimbo wa baba yako wa kupandia nguzo, ule usiokuwa na mwisho. Nikadhani akili inanitoka. Nikachungulia, na ni wewe. Nakujua kwa mabega tangu ulipokuwa na miaka saba. Unainama, unainuka, gunia mgongoni, fulana imechanika kwapani. Nikadhani unaokota chupa zilizotupwa na wakimbiaji.

Swichi, moyo ulisimama. Mkuu wangu wa usalama. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka waliponiletea habari za baba yako, Mungu anisamehe, maana zile nilikuwa nimeziogopa miaka yote na hili sikuwa nimeliwaza hata siku moja. Na jambo la kwanza lililonijia si hasira. Nilifikiri, asijue kwamba nimemwona. Mtoto wangu asijue kwamba mama yake amemkuta na gunia. Atakufa kwa aibu.

Nilijiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, hivi, kwa nguvu, mpaka meno yakaumia. Ulipita karibu hata nikasikia harufu ya jasho lako. Hatua kumi, labda nane. Nikasema moyoni nikuache utangulie, nivae kiatu, nifuate vijiti taratibu, nifike mwisho nikukute umeshabadilisha nguo na umekaa kwenye kiti chako. Nilikuwa tayari kukuamini. Ningekupongeza kwa feni.

Nikavaa kiatu, nikawasha taa, nikatafuta kijiti. Hakikuwepo. Nikatafuta cha nyuma, nacho hakikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa ulikuwa ukiinamia nini. Nilikuita basi, niliita mpaka koo likakauka, lakini ulikuwa umekwenda, na upepo ulikuwa unatoka upande wako.

Kwa hiyo usiape tena kwamba hukuona mtu, wala usijitwishe peke yako. Neno moja lilikuwa mdomoni mwangu, jina lako, na nililimeza. Wodi nzima sasa wanajua mwanangu anafanya kazi gani. Nimewaambia mwenyewe: ni yule anayepita wa mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki. Mganga mkuu amesema ni kazi kubwa. Bado anasalimia kwa mikono miwili.

Mama yako


Alhamisi, 17 Julai

Mama,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa mchangani. Mpishi aliniletea maji akanimwagia kichwani badala ya kunipa mkononi.

Ungeniacha nilale na kiapo changu ningelala nacho maisha yote. Lakini umeandika hatua kumi, na umeandika wodi nzima inajua mimi ni nani, na siwezi kukuacha unisifu.

Nilisikia, Mama.

Pale kwenye jiwe nilisikia kokoto ikianguka, na pumzi. Nilisimama, utakuwa umeona nimesimama. Mkono ulikwenda mfukoni kwenye taa. Nikajua ni mtu. Nilijiambia ni mbweha, lakini mbweha havui kiatu. Na nilijua ni nani pia, au nilidhani najua. Usiku mzima nilikuwa namkwepa rafiki yako. Kila kofia ya bluu niliyoiona kwa mbali nilikuwa nachelewa nyuma ili asinione. Nikafikiri ni yeye, anapumzika. Nikimmulika, na yeye atanimulika, ataliona gunia, na kesho atakwambia mbele ya pasi yako: mwanao nimemwona, anaokota vijiti.

Redio ilishasema hakuna mtu nyuma. Nikaichagua redio. Nilivuta kofia machoni, nikaanza tena kupiga mbinja ili nijifanye sijasikia, nikaongeza mwendo. Wimbo uliousikia ukikujia ulikuwa umeanza mapema, ni kweli, lakini baada ya jiwe niliupiga kwa sauti zaidi. Nadhani ndiyo maana sikusikia ulivyoniita.

Nilimwacha mwanamke jangwani ili asikuambie. Na mwanamke mwenyewe ulikuwa wewe. Hata angekuwa mwingine, Mama. Kila usiku nalala na hilo, kwamba hata angekuwa mwingine.

Msimamizi nimemweleza asubuhi hii, yote, akaandika kwenye taarifa. Halafu akafunga faili. Sijui nitabaki na kazi au la, na sijali sana.

Ijumaa ya wiki ijayo nitashuka na Boza. Tutafika usiku. Ukiona huwezi kunitazama nitaelewa, nitalala kwenye boza na nitarudi nalo. Lakini kama unaweza, naomba kitu kimoja, na najua ni kinyume cha sheria ya nyumba yetu. Taa ya barazani usiizime.

Swichi


Jumatano, 23 Julai

Swichi,

Boza alinipa barua yako Ijumaa nikiwa napiga pasi shuka langu hapa nyumbani. Nilipofika kwenye kokoto nilisahau pasi. Nimeunguza shuka, tundu la kupitisha kichwa, la kwanza tangu nianze kazi. Nimekukasirikia siku tatu. Ya nne nilikumbuka kwamba mkono wangu mwenyewe ndio ulioniziba mdomo.

Taa inawaka tangu Ijumaa, mchana na usiku. Majirani wameshakuja kuniuliza kama nimesahau swichi.

Njoo.

Mama yako